Tangulia Wewe, Mama

Hakuna aliyewahi kukalia kiti cha Mama Waya akasalimika. Kilikuwa kiti cha magurudumu, mkono wake mmoja umezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme, na kilikaa katikati ya chumba cha kompyuta cha hospitali kana kwamba ndicho chenye chumba. Madaktari walioingia mle kulalamika walisimama. Wauguzi walisimama. Hata mkurugenzi wa hospitali, siku alipokuja mara ya kwanza, alikitazama kile kiti, akamtazama Mama Waya, akaamua kuegemea kabati.

Jina alilipata enzi zile alipokuwa akitambaa juu ya dari kuvuta nyaya wodi hadi wodi, akishuka na vumbi kichwani mpaka mumewe mwenyewe hamtambui. Lilikuwa la utani, lakini yeye alilivaa kama cheo. Sasa alikuwa mkuu wa chumba, mvi zimemjaa kando ya uso, na msaidizi wake alikuwa mmoja tu. Huyo msaidizi alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee.

Hapo ndipo palipokuwa na kasheshe. Kijana hakubebwa na mtu; aliomba kazi kama wengine, akahojiwa na watu wengine, akashinda, na Mama Waya akapata habari pamoja na hospitali nzima. Kazi aliijua, tena sana. Shida ilikuwa adabu. Mbele ya mama mkwe wake alizungumza akitazama kibodi. Chai hakuigusa mpaka mama aanze. Akiona mama amekosea, hasemi. Atakohoa, kisha ataliendea boksi la waya pale kona, ajifanye anatafuta kitu, mradi ampe mama nafasi ya kuona mwenyewe. Na Mama Waya, ambaye ulimi wake uliweza kumnyoa daktari bingwa bila maji, kwa huyu aliuuma. Angemkaripiaje mume wa mwanawe, halafu Jumapili wakae meza moja wapitishiane chumvi? Basi chumba kizima kikaendeshwa kwa "labda" na "kama utaona inafaa", na kazi ya dakika chache ikala asubuhi yote.

Seva, kompyuta iliyobeba majibu ya maabara, waliiita Bibi. Mama Waya aliilea kwa mikono yake, kiraka juu ya kiraka, na hakuna kiraka asichokijua. Ikigoma, yeye ndiye aliyejua pa kuibembeleza. Lakini mwaka ule Bibi iligoma mno. Ilipozima mara ya mwisho, majibu ya damu yalianza kutembezwa kwa miguu kutoka maabara hadi wodini, na mama mmoja mjamzito aliyekuwa akisubiri kupasuliwa akalala kitandani tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu karatasi yake ilipelekwa wodi nyingine. Alipona, na mtoto wake akapona. Mama Waya ndiye aliyechelewa kupona. Alikwenda wodini kumwona, akasimama mlangoni, akarudi.

Mkurugenzi hakupandisha sauti. Alisema atawapa nafasi moja ya kuonyesha mtambo mpya, mbele yake na mbele ya mkuu wa maabara. Ukisimama, chumba kinabaki chao. Ukianguka, majibu watapewa watu wa nje wayasimamie, na chumba kitawekwa magodoro. Mama Waya akajipiga kifua palepale kwamba hospitali hii haihitaji mgeni wa kuja kuishikia taa. Alipofika kwenye ngazi ilibidi ashike ukuta.

Dawa ilitoka kwa mkwe, ingawa mwenyewe hakuwahi kusema imetoka kwake. Aliacha ukurasa wazi kwenye skrini, akaenda kuchukua chai, akakawia huko kuliko chai inavyohitaji. Mama Waya akasoma. Ukurasa ulieleza mfumo endeshi wenye kazi moja tu, kubeba kontena. Kontena kwa mafundi wale ni kasha: programu moja ndani yake, pamoja na kila kinachohitajika ili ifanye kazi, isiombe hata chumvi kwa jirani. Kasha la majibu, kasha la kurasa za wodi, kila moja na mambo yake. Mfumo wenyewe ni ghala lenye rafu tupu. Hauna mapambo wala haukubali viraka. Na ghala hilo halidai kompyuta ya peke yake. Linawekwa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili, inayoishi kwa kumegewa sehemu ya nguvu za kompyuta kubwa. Ikiharibika, hutoi roho kuitengeneza. Unaifuta, kisha unazaa nyingine kutokana na faili moja la maelekezo.

Hapo kwenye kufuta ndipo palipomchoma. Aliuliza hewani, bila kumtaja mtu, ni fundi gani huyo anayelea kitu halafu anakitupa. Mkwe, aliyekuwa amerudi na vikombe viwili, akaiambia kibodi kwamba kinacholelewa ni lile faili. Mama Waya akausoma ukurasa tena. Hilo lilimwingia.

Wakaanza. Mara ya kwanza aliwasha mashine pepe kwa diski ya usakinishaji, akaona mfumo umekuja mzima mzima, akapanga makasha, kurasa zikafunguka moja baada ya nyingine. Kichwa kikamvimba. Mkwe akakohoa. Mama Waya akaendelea kupanga. Mkwe akaliendea boksi la waya, akatafuta mpaka boksi likaisha. Mwishowe akasema kwamba, kama mama ataona inafaa, labda waizime kidogo waiwashe tena. Wakaizima. Ilipowaka ilikuwa tupu, haina kasha hata moja, maana muda wote ule mfumo uliishi kwenye kumbukumbu ya kupita tu. Hakuna aliyeuandika kwenye diski.

"Ulijua tangu lini?" Mama Waya aliuliza.

"Tangu mwanzo, mama."

Alicheka hadi machozi yakamtoka. Alicheka peke yake, kwani mwenzake hakuthubutu.

Baada ya hapo walishika utaratibu: kwanza faili, kisha kuuandika mfumo kwenye diski, ndipo kuwasha. Na kule kuwasha kwa mara ya kwanza ndiko kwenye kufa na kupona, maana mashine husoma faili mara moja tu, inapozaliwa, na ilichosoma hapo ndicho inachokiamini maisha yake yote. Kitu kimoja kilimfurahisha Mama Waya kuliko vingine. Mashine hii haikuwa na nywila. Nywila aliwahi kuzikuta zimeandikwa nyuma ya kalenda, chini ya kikombe, na moja mkononi mwa muuguzi kwa kalamu ya wino. Hapa kila fundi alikuwa na ufunguo wake wenye nusu mbili: nusu ya siri inabaki kwenye kompyuta yake, na nusu ya pili, mstari mrefu wa herufi, inaandikwa kwenye faili kabla mashine haijazaliwa. Ambaye hakuandikwa haingii, awe mkurugenzi, awe nani.

Faili aliliandika Mama Waya mwenyewe, na ufunguo wake akauweka juu kabisa; wa mkwe ulikuwa bado haujaandikwa.

Siku moja kabla ya maonyesho, asubuhi akijiandaa kutoka, binti yake alimpigia simu. Katika porojo zao binti akalalamika, kwa kulalamika kule kwa mke anayejisifu, kwamba mumewe siku hizi nyumbani hana neno jingine ila mashine ya mama. Mashine ya mama imekubali. Mashine ya mama itawashangaza. Mama Waya alikata simu akasimama na kiatu kimoja mguuni. Mashine ya mama? Wazo lilikuwa la nani? Nani aliyekohoa mpaka koo likamkauka? Yeye kustaafu kulikuwa karibu. Atakayeishi na mashine ile ni yule kijana. Akikuta jina la kwanza mlangoni ni la mama mkwe, atajiona mpangaji mpaka lini?

Alipofika kazini alilifungua faili, akaufuta ufunguo wake. Mahali pake akaacha nafasi tupu, na pembeni akaandika mstari mmoja wa maelezo, ule ambao fundi huusoma na mashine huuruka: "hapa mwenye mashine". Hakumwambia. Aliona kumwambia ni kumtia aibu, na kusema kweli aliona raha pia, raha ya mtu aliyeficha zawadi mahali patakapoonekana.

Mchana akaona faili limefunguliwa na mkwe na kuhifadhiwa. Basi amejaza, akajisemea. Kulichungulia kungekuwa kumpekua. Asubuhi ya maonyesho akauandika mfumo kwenye diski, akaiwasha mashine, makasha yakapanda kwenye rafu zake bila kinyongo. Kurasa za wodi zikafunguka kwenye skrini, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kuingia ndani ya mashine yenyewe.

Wageni wakafika. Mkurugenzi aliegemea kabati lake. Mkuu wa maabara, mwanamke mwembamba asiyecheka saa za kazi, alisimama mikono kifuani. Alikuwa ameacha maelekezo kule maabara watume majibu halisi ya asubuhi ile, na majibu yakaanza kuingia, safi, kila moja na saa yake. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa. Mama Waya, kitini pake, alihisi mgongo unanyooka wenyewe. Hawa waje waweke magodoro sasa.

Ndipo mkuu wa maabara aliposogeza uso karibu na skrini.

"Hapa pamekosewa," alisema. "Majibu ya watoto yanatokea wodi ya wazazi."

Mama Waya alitazama. Ni kweli. Aliponakili mistari ya kasha moja kuwapa makasha mengine, mstari mmoja alisahau kuubadilisha. Kosa dogo, la mtu kuingia akaandika neno moja akatoka. Lakini karatasi kwenda wodi isiyo yake ndilo jambo lililomlaza yule mama kitandani mpaka jioni, na kila mtu mle chumbani alilikumbuka kwa wakati mmoja. Mkurugenzi aliacha kuegemea kabati.

"Ingia urekebishe, baba," Mama Waya akamwambia mkwe, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi.

"Tangulia wewe, mama."

"Nitatanguliaje? Ingia tu."

"Haifai, mama. Wewe kwanza."

"Baba, watu wanasubiri."

Mkwe aliitazama kibodi yake, kisha, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akamtazama usoni. Akasema polepole kwamba yeye hakuweka ufunguo. Jana alifungua faili kusahihisha njia ya kasha moja, akakuta nafasi ya funguo tupu na maneno "hapa mwenye mashine", akajua mama anajitayarishia mahali pake na atapajaza mwenyewe wakati wa kusakinisha. Angeanzaje kuuliza? Na kujiandika pale yeye peke yake kungekuwa sawa na kuhamia nyumba ya watu.

Wakabaki wanatazamana. Mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, nzima, haina hata kikohozi, na duniani hapakuwa na mtu wa kuifungua. Ilizaliwa ikaambiwa haina mwenyewe, nayo ikaamini.

Mama Waya alitamani ardhi ipasuke. Njia za kubabaisha zilimjia, tena nyingi. Kwa umri wake alizijua zote. Angeweza kusema mtandao unasumbua. Angewaomba watoke kidogo wanywe chai. Alimwona mkwe amefumbua mdomo, na akajua bila kuambiwa kwamba kijana anataka kujitwika kosa, aseme ni yeye, ili mama asiaibike mbele ya watu. Hapo kitu kikamkaa sawa kifuani. Akapiga moyo konde, akainuka.

"Mkurugenzi," alisema, "wodi nimekosea mimi. Na hakuna binadamu anayeweza kuingia kwenye mashine hii. Mimi na mkwe wangu tumepishana mlangoni kwa adabu mpaka mlango umejifunga."

Mkurugenzi aliuliza sasa inakuwaje.

"Sasa tunaitupa."

Mkuu wa maabara alishusha mikono. Alitaka kujua majibu yake ya asubuhi nayo yanatupwa wapi. Mama Waya akamwambia majibu hayalali humo, yana diski yake pembeni. Kinachotupwa ni ghala, mali inabaki. Aliyasema kwa utulivu, ila vidole alivificha mfukoni mwa koti, maana kwa mashine ya majaribio walikuwa wamekwisha kufuta na kuzaa upya mara nyingi, lakini kwa majibu ya watu wa kweli, mbele ya macho, hawajawahi. Kisha akakisukuma kile kiti chenye mkono wa utepe, magurudumu yakalia, kikasimama mbele ya mkwe.

"Kaa."

Kijana alikitazama kiti kama mtu aliyeambiwa akalie jiko la mkaa. Akasema angeweza kufanya akiwa amesimama.

"Nimesema kaa, baba. Na kila unachofanya useme kwa sauti. Nimechoka kukusikia ukikohoa."

Akakaa. Alianza kwa sauti ya chini, ya kuiambia kibodi. Akasema anaizima mashine. Akasema anaifuta, na skrini ya wodi ikawa nyeupe, na mkuu wa maabara akavuta pumzi kwa nguvu. Akasema anafungua faili. Kisha, kadiri mikono yake ilivyokolea kazi, sauti nayo ikapanda, ikawa sauti ya fundi anayejua anakokwenda. Aliwaonyesha wageni mahali pa wodi. "Hapa mama alikosea," alisema waziwazi, bila labda, bila kama utaona inafaa. "Alinakili mstari akasahau kubadilisha jina. Mtu yeyote angefanya hivyo, ndiyo maana tunataka maelekezo yaandikwe mahali pamoja, tuyaone." Akausahihisha.

Mama Waya alisikia neno lile, mama alikosea, limesemwa mbele ya mkurugenzi wa hospitali, kwenye chumba chake, na mtu aliyekalia kiti chake. Alisubiri hasira ije. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa fahari, fahari kubwa, kama ile ya siku binti yake alipotembea hatua za kwanza akakataa kushikwa mkono. Ilibidi aangalie dirishani.

Mkwe akajaza nafasi ya funguo. Akauandika mfumo kwenye diski mpya, akaiunganisha ile diski ya majibu, akaiwasha. Mistari ilipita kwenye skrini. Kasha la kwanza likapanda, la pili, yote. Ukurasa wa wodi ukafunguka, na majibu ya asubuhi yakawa yamejipanga pale, hakuna lililopungua, watoto wodi ya watoto, wazazi wodi ya wazazi. Mkuu wa maabara alilinganisha moja baada ya jingine na karatasi aliyokuja nayo. Alipomaliza, alikunja karatasi akaitia mfukoni, na wanaomjua wanaapa kwamba alitabasamu. Kisha mkwe aliingia ndani ya mashine kwa ufunguo wake, akatoka. Mama Waya akaingia kwa wake, kwenye kompyuta ya pembeni, amesimama. Akatoka.

"Yaani ikifa wakati wowote," mkurugenzi alisema, "mnafanya hivi mlivyofanya?"

"Hivihivi," Mama Waya akajibu.

"Na wewe ukistaafu?"

"Unamwona huyo aliyekalia kiti changu? Mimi nimeshastaafu hivi punde. Nimebaki kwa ajili ya chai."

Mkurugenzi alicheka. Akiwa mlangoni alimwambia mkuu wa maabara kwamba magodoro yatafutiwe mahali pengine, na kwamba majibu ya wodi zote yahamie humu.

Walipobaki wawili, mkwe alianza kuinuka upesiupesi. Mama Waya akamwekea mkono begani akamrudisha chini, na yeye mwenyewe akavuta stuli. Alitaka kuliona faili. Akalisoma tangu juu, kama mwalimu anavyosoma daftari la mwanafunzi asiye na la kukosolewa. Alipofika kwenye funguo alikuta ziko mbili. Ule mstari wa maelezo ulikuwa umebadilishwa kidogo, sasa ulisomeka "hapa wenye mashine". Ufunguo wake yeye ulikuwa juu, wa kijana chini.

"Mashine haijali nani katangulia," alisema. "Hilo unalijua."

"Nalijua, mama." Hakuitazama kibodi. "Mimi ndiye ninayejali."

Mama Waya aliinuka kwenye stuli. Akakohoa. Kisha akaliendea boksi la waya pale kona, akainama, akaanza kutafuta.